Sharti la Chanjo Chuoni Wakati wa Janga: Maana Yake na Mipaka Yake

Sharti la chanjo chuoni ni kanuni inayomtaka mwanafunzi au mfanyakazi athibitishe kwamba amechanjwa dhidi ya ugonjwa uliotajwa, kwa idadi ya dozi iliyotajwa na kabla ya tarehe iliyotajwa, ndipo aruhusiwe kujisajili, kuishi bwenini, kuingia darasani au kuendelea na kazi. Anayekataa hashikwi mkono akadungwa sindano kwa nguvu, kwa kuwa chuo hakina mamlaka hayo. Kinachoweza kufanya chuo ni kumzuilia nafasi au huduma fulani, na uzito wa sharti hupimwa kwa ukubwa wa kile anachozuiliwa: kumnyima mtu kitanda cha bweni si sawa na kumfutia usajili wa mwaka mzima, ingawa matangazo ya vyuo huweza kuyataja yote mawili kwa lugha ile ile.

Jambo lenyewe lilikuwapo kabla ya UVIKO-19. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi katika nchi nyingi hutakiwa kuchanjwa dhidi ya homa ya ini aina B kabla ya kuanza mafunzo wodini, ambako watashika damu na sindano zilizotumika. Vyuo vingi vya Marekani hudai uthibitisho wa chanjo ya surua, na baadhi huwataka wanaoishi bwenini wawe wamechanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo. Sababu inaonekana katika maisha ya chuo yenyewe. Maelfu ya vijana hufika kutoka sehemu mbalimbali ndani ya wiki moja, hulala vyumba vya pamoja, hukaa bega kwa bega katika kumbi za mihadhara, kisha hutawanyika kurudi kwao likizo inapoanza. Kwa ugonjwa unaoambukiza upesi kama surua, ambao huhitaji takriban asilimia 95 ya watu wawe na kinga ili usienee, mazingira hayo hayasamehi uzembe.

Janga la UVIKO-19, ambalo Shirika la Afya Duniani lililitambua kuwa janga tarehe 11 Machi 2020, lilileta ugumu wa aina nyingine. Ugonjwa ulikuwa mpya na chanjo zake pia zilikuwa mpya. Chuo Kikuu cha Rutgers cha New Jersey kilipotangaza mwezi Machi 2021 kwamba wanafunzi watakaohudhuria masomo ya msimu wa vuli lazima wawe wamechanjwa, kikiwa miongoni mwa vya kwanza Marekani kufanya hivyo, chanjo zote za UVIKO-19 zilizokuwa zikitolewa nchini humo zilikuwa na kibali cha dharura tu, yaani ruhusa ya muda kabla ya kibali kamili. Chanjo ya Pfizer ilipata kibali kamili tarehe 23 Agosti 2021. Katika miezi hiyo ya katikati, waliopinga walishikilia hoja kwamba taasisi haiwezi kumwekea mtu sharti la kutumia dawa ambayo bado iko chini ya kibali cha dharura. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, ila haikutosha mahakamani.

Wanafunzi wanane waliposhtaki Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, mwaka 2021, mahakama ya rufaa ilikataa kulisitisha sharti la chuo hicho, na ombi lao la dharura mbele ya Mahakama ya Juu likatupwa mwezi Agosti mwaka huo. Majaji wa rufaa waliegemea hukumu ya mwaka 1905 ya Jacobson dhidi ya Massachusetts, iliyotokana na mlipuko wa ndui katika mji wa Cambridge, ambapo mkazi aliyekataa chanjo alitozwa faini ya dola 5 na Mahakama ya Juu ikaona kwamba jimbo halikuvuka mamlaka yake. Kisha wakaongeza kwamba kesi ya Indiana ilikuwa nyepesi zaidi, kwa sababu sheria ya Massachusetts iliwabana watu wazima wote wa mji, ilhali mwanafunzi asiyetaka kanuni za chuo kimoja anaweza kwenda kusoma kwingine. Kwa maoni yangu hapo ndipo hukumu hiyo inapodhoofika kidogo. Aliyebakiza muhula mmoja ahitimu hana uhuru wa kuhama sawa na anayeanza, na chuo kinachotunga sharti katikati ya mwaka wa masomo kinapaswa kuliona hilo hata kama mahakama hailioni.

Kwa mfanyakazi mambo hubadilika, maana anafungwa na mkataba wa ajira, si fomu ya udahili. Mwajiri ana wajibu wa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama, na hapo ndipo sharti hupata mguu wa kusimamia. Lakini kubadili masharti ya mkataba unaoendelea huhitaji mashauriano, mara nyingi pamoja na chama cha wafanyakazi, na kumfukuza mtu kazi bila kwanza kutafuta njia nyingine huweza kuishia kwenye kesi. Mhadhiri anayeweza kufundisha kwa njia ya mtandao na mhudumu wa bweni anayesafisha vyumba kila siku hawako kwenye hatari moja, hivyo sharti lililotungwa kwa uangalifu huwatenganisha.

Sehemu ya kanuni inayostahili kusomwa kwa makini kuliko zote ni ile ya msamaha. Msamaha wa kitabibu huwa na njia iliyonyooka: daktari anaandika kwamba mtu aliwahi kupata mzio mkali baada ya dozi ya kwanza, au ana mzio wa kiambato cha chanjo, na chuo kinakubali. Msamaha wa kidini ni mgumu zaidi, kwa sababu kamati inayopokea maombi haina sifa ya kuamua imani ipi ni sahihi. Inachoweza kupima ni iwapo mwombaji anaamini kweli anachokisema. Anayepewa msamaha kwa kawaida hubaki na wajibu mwingine. Indiana kiliwataka wavae barakoa na wapimwe mara kwa mara. Chuo kinachotoa msamaha kwa kila anayeomba kina sharti la karatasi tu, na kisichotoa kabisa kinakaribisha mawakili.

Kuhusu uthibitisho, mwanafunzi hupakia picha ya cheti chake kwenye mfumo wa usajili, kisha ofisa hulinganisha jina, aina ya chanjo, tarehe za dozi na namba ya toleo. Tatizo lililowatesa wanafunzi wa kigeni mwaka 2021 lilikuwa kwenye hilo la aina ya chanjo. Vyuo vingi vya Marekani vilikubali tu chanjo zilizoidhinishwa nchini humo au zilizokuwa kwenye orodha ya dharura ya Shirika la Afya Duniani. Covaxin ya India iliingia kwenye orodha hiyo Novemba 2021, na Sputnik V ya Urusi haikuingia, hivyo mtu aliyekwisha kuchanjwa kikamilifu nchini kwake aliweza kufika chuoni akahesabiwa kuwa hajachanjwa na kutakiwa kuanza upya.

Uhalali wa sharti hutegemea kile ambacho chanjo inaweza kufanya wakati huo, si siku sharti lilipotungwa. Mwanzoni hoja kuu ilikuwa kwamba aliyechanjwa huwakinga na wenzake. Baada ya Omicron, aina mpya ya kirusi cha UVIKO-19, kutambuliwa Novemba 2021, ikadhihirika kwamba waliochanjwa nao huambukizwa na kuambukiza kwa wingi, ingawa kinga dhidi ya ugonjwa mkali iliendelea kuwapo. Kwa mhadhiri mzee mwenye kisukari, faida hiyo ilibaki kubwa. Kwa kijana mwenye afya njema ilikuwa ndogo zaidi, na ilibidi ipimwe dhidi ya madhara adimu kama uvimbe wa misuli ya moyo, ambao ulionekana zaidi kwa wanaume vijana baada ya dozi ya pili ya chanjo za mRNA, kama ile ya Pfizer. Pamoja na hayo, vyuo kadhaa vya Marekani viliongeza sharti la dozi ya nyongeza mwanzoni mwa 2022, na nadhani hapo vilikuwa vinafuata mazoea kuliko ushahidi. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Cape Town kilianza mwaka 2022 kikiwa na sharti kwa wanafunzi na wafanyakazi, kikalisitisha ndani ya mwaka huo huo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023.

Kwa sababu hiyo, sharti linalotungwa wakati wa janga linapaswa kutaja tarehe ya kupitiwa upya na vigezo vitakavyoliondoa, kama vile idadi ya wanaolazwa au kuja kwa aina mpya ya kirusi. Na linapoondolewa, tangazo lieleze pia iwapo waliozuiliwa usajili wanarudi bila kulipa ada mara ya pili, na nakala za vyeti vya afya zilizokusanywa zitafutwa lini na nani.