Fyuzi si kiungo kama viungo vingine vya saketi

Katika saketi ya umeme, kila kiungo, iwe ni skrubu ya soketi, mguso wa swichi au mahali nyaya mbili zilipounganishwa, hutengenezwa ili mkondo upite bila kuacha joto la maana. Fyuzi ni kinyume chake: ni kipande kilichofanywa dhaifu kwa makusudi, kikawekwa kwenye waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, ili mkondo ukizidi kiyeyuke chenyewe kabla nyaya zilizofichwa ukutani hazijaungua.

Namba iliyoandikwa juu yake huwapotosha wengi. Fyuzi ya ampea 13 haikati umeme mara tu mkondo unapofika 13. Hicho ni kiwango inachopaswa kukibeba muda wote. Ile inayotumika kwenye plagi za Uingereza inaweza kubeba ampea 20 kwa nusu saa nzima, ilhali shoti ya mamia ya ampea huikata kwa sehemu ndogo ya sekunde, kwa sababu mkondo ukiongezeka maradufu, joto huongezeka mara nne. Ukiipasua fyuzi ya kauri, aghalabu utakuta mchanga umeuzunguka waya mwembamba. Kazi yake ni kuzima cheche inayobaki baada ya waya kukatika, cheche ambayo ingeendelea kupitisha umeme hewani. Fyuzi ndogo ya kioo kwa kawaida haina mchanga huo, na ndiyo maana kuiweka mahali pa ile ya kauri ni hatari hata kama ampea zinalingana.

Breka hulinda nyaya vilevile, ila hutumia utepe wa metali mbili unaopinda kwa joto mzigo unapozidi kidogo, na sumaku inayofyatua papo hapo panapotokea shoti, kisha huwashwa tena. Kifaa cha kugundua umeme unaovuja ni jambo jingine kabisa: hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na tofauti ya ampea 0.03 inatosha kukifanya kikate. Kiasi hicho fyuzi haikihisi hata kidogo, ingawa kikipita mwilini kwa muda kinaweza kuua. Anayetegemea fyuzi imwokoe mtu amejidanganya.

Lipo pia tatizo ambalo vyote vitatu hupitwa nalo, nami naliona kuwa ndilo linalopuuzwa zaidi. Skrubu ikilegea, ukinzani, yaani kizuizi kwa mkondo unaopita, huongezeka mahali pale. Ukinzani wa omu 0.2 tu, ukipitiwa na ampea 10, hutoa joto la wati 20 kwenye eneo lisilozidi kichwa cha skrubu, na joto hilo linatosha kuunguza plastiki iliyo karibu. Mkondo haujazidi wala haujavuja, kwa hiyo hakuna kinachokatika. Ndiyo maana ninapokagua ubao wa umeme, huzima umeme kwanza, kisha nakaza skrubu na kutafuta plastiki iliyogeuka rangi ya kahawia, kabla sijaigusa fyuzi yoyote.