Modeli ya dhana: kwa nini wakala hukataa noti zako

Umefika kwa wakala wa M-Pesa na noti mkononi, unataka kuweka pesa, naye anakwambia, "Floti imeisha, jaribu duka lile pale." Duka gani tena hili linalokataa kupokea pesa? Ukitaka jibu, tazama modeli ya dhana ya mfumo.

Modeli ya dhana ni maelezo, mara nyingi mchoro wa maboksi na mistari, yanayoonyesha mfumo una vitu gani, vinahusiana vipi, na kanuni zipi hazivunjwi. Lugha ya programu na seva hazimo humo. Ukiona seva, ujue unatazama mchoro mwingine. Mwaka 1976 Peter Chen alichapisha namna ya kuchora vitu na mahusiano yake, na mpaka leo wanafunzi wa hifadhidata huisoma. Lakini hata karatasi ya daftari inatosha, mradi mwenye biashara na mwandishi wa programu wakiisoma waelewe jambo lilelile.

Turudi kwa wakala. Katika M-Pesa kuna mteja, wakala, pesa taslimu, pesa za kwenye simu, na akaunti ya amana benki. Kanuni mama ni kwamba kila shilingi ya kwenye simu ina mwenzake benki. Basi wakala hawezi kuzizalisha tu. Ukiweka 1,000, anakuhamishia 1,000 kutoka kwenye floti, yaani akiba ya pesa za kwenye simu aliyoinunua mapema, na noti zako zinaingia kwenye droo yake. Jumla ya pesa za mfumo haikupanda hata senti. Ukija kutoa, biashara inageuka: floti yake inaongezeka, droo inapungua, na akiishiwa noti atakukataa vilevile.

Modeli hiyo haikuanza hivyo. Majaribio ya mwaka 2005 nchini Kenya yalilenga watu waliochukua mikopo midogo, walipe marejesho kwa simu. Watumiaji wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Kwa msanifu, hilo si suala la kuongeza kitufe: mkopaji na marejesho yanatoka katikati ya mchoro, anabaki mtu anayemtumia mtu mwingine. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kisha mwaka 2015 ikahamia jukwaa jipya, seva zikatoka Ujerumani zikaletwa Kenya. Mitambo ilibadilika, floti ikabaki floti.

Swali ninalopenda kumuuliza anayeanza kuchora mfumo wa aina hii ni moja: mteja ni nani? Ni mtu, ni laini, au ni kitambulisho? Mama mwenye laini mbili ni mteja mmoja au wawili? Ukisema laini, ripoti yako itahesabu watu wasiokuwepo, na kikomo cha muamala wa siku kitarukwa kwa kubadilisha laini tu. Ukisema kitambulisho, kijana ambaye bado hajapata chake anabaki nje. Na usipojibu kabisa, mwandishi wa programu atajibu kwa niaba yako, saa tano usiku, peke yake, ndani ya msimbo ambao mwenye biashara hatausoma kamwe.