Nyumba ya mkulima Mwingereza: mbele matofali, nyuma miti

Nikiitwa kukagua nyumba kongwe ya shambani hapa Uingereza, sipigi hodi kwanza mlango wa mbele. Nazunguka hadi uani, penye mapipa ya takataka na kamba ya kuanikia nguo, kwa sababu nyumba za aina hii huvaa nguo za Idi upande wa barabarani tu.

Nazungumzia nyumba za kati ya mwaka 1714 na 1830, walipotawala wafalme wanne mfululizo wenye jina la George. Waingereza wameuita mtindo wa nyumba hizo Georgian, kwa jina la wafalme hao, wala hauhusiani na nchi ya Georgia, kama rafiki yangu mmoja alivyodhani kwa muda mrefu. Huo ndio wakati ambapo Bunge lilikuwa likipitisha kwa wingi sheria za kugawa malisho na ardhi za pamoja za vijiji, zizungushiwe ua na kuwa mali ya watu binafsi. Ukihesabu kuanzia mwaka 1604 hadi 1914, sheria hizo zinapita 5,000. Wanyonge walipoteza mahali pa kulishia ng'ombe wao. Mkulima mwenye uwezo, ambaye sasa mashamba yake yaliyokuwa yametawanyika yalikuwa kipande kimoja, alipata fedha, na fedha hiyo ikataka kuonekana.

Wengi hawakubomoa nyumba za babu zao. Waliikuta nyumba ya fremu ya mbao za mwaloni, iliyojazwa fito na udongo, wakaisimamishia ukuta mpya wa matofali upande wa mbele. Niliikagua moja ya namna hiyo huko Shropshire, magharibi mwa nchi. Mbele ina mlango katikati, madirisha mawili kila upande na matano juu, yamepangwa kwa ulinganifu kamili; matofali yamejengwa kwa kupokezana, moja limelazwa ubavu na linalofuata limetoa kichwa, mtindo uliotangaza kwamba mwenyewe hakubana matumizi. Nyuma unakutana na nguzo za mwaloni zilizopinda, zenye alama za nambari za Kirumi ambazo maseremala walizichonga ili wajue kipande kipi kinaingia wapi. Kichekesho kipo ndani ya chumba cha juu: boriti ya fremu ya zamani inapita mbele ya dirisha jipya, karibu shubiri moja chini ya ukingo wake wa juu, kwa kuwa aliyepanga sura ya mbele hakuhangaika kuilinganisha na mifupa ya ndani.

Madirisha yenyewe hupanda na kushuka ndani ya fremu, yakisaidiwa na kamba, kapi na vyuma vizito vilivyofichwa pembeni. Vioo ni vidogo kwa sababu vilikatwa kutoka sahani ya kioo iliyopulizwa na kuzungushwa kwa mkono. Ukisimama kwa mshazari utaona miti ya nje ikicheza kama inavyoonekana majini. Watalii huelezwa kwamba kila dirisha lililozibwa kwa matofali lilizibwa ili kukwepa kodi ya madirisha, iliyotozwa kuanzia 1696 hadi 1851. Yapo yaliyozibwa hivyo, lakini mengi yalijengwa bandia tangu siku ya kwanza kwa ajili ya ulinganifu, kwa kuwa nyuma yake kuna dohani au ngazi. Ushahidi wa kodi ninaoupenda zaidi ni mwingine. Vyumba vya kuhifadhia maziwa na jibini vilikuja kusamehewa, mradi jina la chumba liandikwe wazi. Na katika nyumba ile ya Shropshire, upande wa kaskazini usiopigwa na jua, neno la Kiingereza lenye maana ya chumba cha maziwa bado linasomeka juu ya mlango mdogo, kwa rangi nyeusi iliyofifia.

Linaloniumiza ni saruji. Kuta hizi zilijengwa kwa chokaa, nayo chokaa huacha unyevu uingie na utoke, jambo ambalo fundi yeyote wa Mji Mkongwe wa Zanzibar au wa Lamu analijua bila kusoma kitabu. Katika nyumba ile ya Shropshire, mmiliki mmoja wa zamani aliwahi kujaziwa viungo vya matofali kwa saruji ngumu. Maji yakakosa njia, yakatokea kwenye tofali lenyewe, baridi ikayagandisha, na uso wa tofali ukaanza kumenyeka kama biskuti iliyolowa. Nilipochomeka bisibisi kwenye boriti ya chini, nyuma ya ukuta ule, iliingia mpaka kwenye mpini.

Kisheria, majengo ya kati ya 1700 na 1850 ambayo bado yana sehemu kubwa ya umbo lake la asili kwa kawaida huingizwa katika orodha ya taifa ya urithi, na kuyabadilisha bila kibali ni kosa la jinai. Wanunuzi husahau kwamba ulinzi huo haukomei kwenye nyumba: ghala, zizi au ukuta uliomo katika eneo lake tangu kabla ya tarehe 1 Julai 1948 huhesabiwa pamoja nayo. Nimeshakutana na mtu aliyenunua nyumba akiwa tayari na mchoro wa kulibomoa ghala lake.

Kwa nyumba ya Shropshire nimependekeza saruji itolewe kwa patasi na nyundo, si kwa mashine, kisha viungo vijazwe chokaa, na boriti iliyooza iungwe kipande kipya cha mwaloni badala ya kutolewa yote. Chokaa mbichi haistahimili barafu, hivyo mafundi wataanza mwezi Mei. Mwenye nyumba ameniuliza kama boriti inayokatiza dirisha la juu inaweza kuondolewa. Nimemjibu kwamba inabaki.