Lori tupu ndo linaumizwa zaidi na upepo, tuelewane leo

Nimechoka jamani. Kila kampuni ikitangaza malori yake yanafungwa spidi, yalikuwa yanaishia km 90 kwa saa sasa mwisho 80, lazima atokee mtu, tena mara nyingi dereva mzoefu kabisa, aseme "sasa si lori litakaa barabarani muda mrefu, injini inawaka muda mrefu, mafuta yatatumika zaidi?" na wote wanatikisa kichwa kama kaongea bonge la pointi. Mimi kazi yangu ni kusoma data za mafuta za malori, hiyo hoja nimeshaisikia mpaka naota nayo.

Haya tupige hesabu. Safari ya km 600 kwa 90 ni saa 6 na dakika 40, kwa 80 ni saa 7 na nusu, tofauti ni dakika 50. Injini ya semi ikiwa inaunguruma tu gari limesimama inakunywa kama lita 3 kwa saa, kwahiyo hizo dakika 50 hata ukinibana kweli kweli ni lita mbili na nusu. Semi la tani 40 linalokula lita 35 kwa km 100 litamaliza lita 210 kwenye hiyo njia, ukipunguza asilimia 8 tu umeokoa karibu lita 17. Toa hizo mbili na nusu zako, bado unanidai nini?

Hizo lita zinatoka kwenye upepo, yaani ile hewa ambayo lori linaisukuma likikimbia. Nguvu ya upepo inayokusukuma nyuma inapanda kwa mraba wa spidi, ukitoka 90 kwenda 80 spidi imeshuka asilimia 11 lakini upepo umeshuka asilimia 21. Matairi yenyewe hayajali sana spidi, yanajali uzito. Lori lililojaa tani 40 kwenye tambarare likiwa 90, upepo na matairi wanagawana kazi karibu nusu kwa nusu, ndo maana jumla inapungua kama asilimia 10 na sio 21. Na hiyo 10 ni ya tambarare, ukiweka milima na foleni inapungua tena, kwasababu mlimani umejaza mzigo hiyo 90 hukuifikia hata siku moja. Anayekuuzia kifaa cha kufunga spidi akikuahidi asilimia 20 muulize njia yake haina vilima?

Sasa kinachonikera kuliko vyote: "tufungeni spidi tukiwa na mzigo, tukirudi tupu tuachieni, gari nyepesi." Hapana! Ni kinyume kabisa. Lori tupu la tani 15 matairi yake yana kazi ndogo sana, lakini bodi ni ileile, kichwa kilekile, tela lilelile lenye uso mpana kama ukuta, kwahiyo upepo haujapungua hata kidogo. Hapo upepo unabeba zaidi ya asilimia 70 ya kazi yote, na ukishusha kutoka 90 kwenda 80 unapunguza kama asilimia 15. Kwa lita ni karibu zilezile unazookoa ukiwa umejaza, maana upepo haujui umebeba nini, ila kwa asilimia ya mafuta uliyochoma, lori tupu linashinda. Tena lori tupu ndo dereva anakimbia zaidi, anasikia gari inaitika vizuri. Tela la turubai tupu lenye turubai linalopigapiga ndo usiseme.

Kingine nitakipitisha haraka: kifunga spidi kinakata mafuta, hakifungi breki. Mteremkoni lori litapita 80 bila kukuuliza, hiyo ni kazi ya breki ya injini na ya akili yako. Na usiweke nyutro, ukiacha gia ndani na mguu ukiutoa injini inakata mafuta yenyewe, ukiweka nyutro inabidi ichome ili isizime.

Ila kuna sehemu hawa wabishi wana haki, na wenye kampuni hawapendi kuisikia. Kama difu yako (gia za mwisho zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu) imepangiwa kukimbia 95, ukilifunga 80 injini inaweza kushuka chini ya mizunguko inayoipenda, mlima mdogo tu gia inarudi, inapanda, inarudi tena, na ile faida uliyoiona kwenye karatasi inaliwa nusu. Ulaya walianza kufunga malori mazito 90 kwa agizo la 1992, watengenezaji wakapanga gia na difu kwa hiyo spidi. Ontario na Quebec kule Kanada waliweka 105 mwaka 2009. Lori lililotengenezwa kwa spidi ya Ulaya haliwi sawa na la Kanada, kwahiyo kabla hujashusha angalia difu kwanza.

Malipo nayo. Dereva analipwa kwa kilometa, umemshushia spidi, saa zake zimeongezeka na hela imebaki palepale, halafu unashangaa anakimbiza mjini ambako gavana, yaani kile kifunga spidi, haifiki kumzuia? Hapo hujaokoa mafuta, umemkata mshahara kwa kona.

Usalama ndo sina jibu la moja kwa moja. Lori polepole likigonga linaumiza kidogo, hilo halina ubishi. Lakini lori la 82 likijaribu kulipita la 80 wanakaa sambamba karibu dakika moja, nyuma yao magari madogo yamepandwa na hasira, hiyo kwangu bado ni kichwa kinauma.

Anayetaka kubishana aje na data: lori lilelile, njia ileile, mzigo uleule, kabla na baada. Na upepo wa siku hiyo auandike, maana upepo wa mbele wa km 20 kwa saa unalifanya lori la 80 lisukume hewa kama linakwenda 100, hapo grafu yako haisemi kitu.