Mafia: Kua hakuna mali ya Mjerumani, jamani

Msimu wa papa potwe umeanza, watu wanashuka Kilindoni kwa wingi, na sisi wa mambo ya kale tumeanza kuletewa kesi zilezile za mashimo, watu wanachimba magofu ya Kua wakisema Mjerumani alizika dhahabu mle, kwa hiyo tuelewane mapema.

Kua, mji wa kale uliobaki magofu, iko kisiwa cha Juani, sio Chole. Unafika Utende kwa bodaboda, unavuka na boti, halafu mguu mpaka kwenye magofu: misikiti, makaburi, nyumba ya mtawala, yote mawe ya matumbawe na chokaa. Mji ule waliuvunja Wasakalava kutoka Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, wakabeba watu utumwani. Mjerumani kafika 1890 na makao yake yalikuwa Chole, 1913 akahamia Kilindoni. Sasa niambie, azike dhahabu kwenye gofu lililoota mibuyu kabla yeye hajaja, ili iweje?

Kisimani, mji mwingine wa kale hapa Mafia, ni shida nyingine maana bahari imeshakula sehemu kubwa ya mji, wimbi likipiga unaweza kuona sarafu ya shaba ya masultani wa Kilwa imelala mchangani, ndogo, ina kutu ya kijani. Usiisugue! Iache palepale, ipige picha na simu, weka kiberiti pembeni tujue ukubwa, nenda kwa mtendaji wa kijiji akuandike jina, tarehe na mahali, yeye ataipeleka wilayani. Ukishaitia mfukoni hatujui tena ilikuwa tabaka gani la udongo, imebaki kipande cha shaba tu.

Kuripoti sio hiari, ni Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Kuchimba bila leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale ni kosa, kutoa kitu nje ya nchi bila kibali ni kosa, na "nilikuwa sijui" haikusaidii polisi wala mahakamani. Mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 nao unalindwa, hata kama ni wa nyumba ya bibi yako, kwa hiyo dalali akija na hela muulize kibali kwanza.

Halafu kile chumba cha chini mnachokitafuta Kua. Masimulizi ya wazee ni kwamba watu wa Kisimani waliwalaza watoto wa Kua chini ya chombo wakati wa kukishusha majini, Wakua wakanyamaza miaka, kisha wakawaalika watu wa Kisimani harusini kwenye chumba hicho, wakaziba mlango kwa mawe wageni wakiwa ndani. Waliofungiwa mle ni watu, hakuna anayetaja masanduku. Huyo anayekuja na sururu usiku anatafuta nini?