"Mfungie ndani wiki moja, ataacha": tunayodanganyana kuhusu unga na pombe

"Akitaka kuacha, ataacha." Utalisikia hili kijiweni, msibani, hata sebuleni kwa mama ambaye mwanawe anabembea barazani. Lakini anayetumia heroini, yaani unga, kila siku, mwili wake umeshaizoea. Ikikosekana inakuja arosto: kutapika, kuhara, mifupa kuuma, macho na pua kuchuruzika, usingizi kukimbia. Hapo teja hatafuti tena starehe. Anatafuta nafuu ya asubuhi hiyo tu.

Ndiyo maana familia nyingi huamua kumfungia chumbani. Na arosto kali kweli hupoa ndani ya wiki moja hivi, watu wakashukuru Mungu. Hatari inaanza mlango ukifunguliwa. Hamu bado ipo, ila mwili umepoteza uwezo wa kuhimili kiwango cha zamani. Akirudia kete zilezile alizozoea, pumzi inaweza kukatika. Hata wanaotoka gerezani hufa hivyo, wengi katika wiki za mwanzo za uhuru wao.

Methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, nayo imebatizwa "unga wa serikali". Kliniki ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011, na mtu huinywa mbele ya mhudumu, mara moja kwa siku. Hakuna sindano, kwa hiyo hakuna kuchangia sindano wala kuambukizana VVU na homa ya ini kwa njia hiyo. Mwili huitegemea, sikatai, na wapo wanaoinywa miaka. Lakini aliyeinywa saa moja asubuhi anaweza kuwa kazini saa tatu. Mwenye arosto hawezi.

Sasa pombe, ambayo wengi hatuihesabu kabisa kuwa kilevi cha kuogopwa kwa sababu ina leseni na inanywewa harusini. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 pombe ilichangia vifo milioni 2.6 duniani, dawa za kulevya, milioni 0.6. Jambo linaloshangaza zaidi ni hili: arosto ya heroini, pamoja na mateso yake yote, ni nadra kuua, ilhali mlevi wa kila siku akikatiza pombe ghafla anaweza kufa. Huanza na mikono kutetemeka na jasho, kisha degedege au kuweweseka, mara nyingi ndani ya siku tatu za mwanzo. Huyo ni wa hospitali, si wa kufungiwa.

Kuhusu ndimu, kahawa chungu na supu ya kongoro, eti huondoa ulevi haraka: supu ni tamu, basi. Ini halina haraka ya mtu.

Iliyobaki ni ile ya kiberiti, kwamba gongo ikiwaka bluu ni safi. Methanoli, aina ya pombe yenye sumu, nayo huwaka bluu hafifu, na kwa kuonja huwezi kuitofautisha na pombe ya kawaida. Kule Kirinyaga, Kenya, Februari 2024, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe yenye sumu. Methanoli haiui papo hapo: mtu hulewa kama kawaida, akalala, na madhara yakajitokeza saa nyingi baadaye. Akiamka anasema anaona ukungu, au tumbo linamsokota na anahema haraka, usimpe maziwa ukamwambia alale tena. Tafuta bodaboda, bajaji, chochote chenye magurudumu, afike hospitali, na waliokunywa naye wafuatwe hata kama bado wanacheka.