Wanafunzi huja kutafuta miche, mimi huwaonyesha visiki

Basi la shule likishasimama kwenye geti la hifadhi, swali huwa lile lile: "Shikamoo Bwana Misitu, miche iko wapi?" Watoto wamekuja na majembe na ndoo, wamejiandaa kupanda. Mimi huwajibu kwamba miti ya leo ilishaota, wanaikanyaga.

Kazi yangu ni kurudisha uoto kwenye vilima vya Irangi, Kondoa. Mvua za Dodoma ni wastani wa milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo tu. Mche uliotoka kwenye kiriba, kile kifuko cha kuoteshea, mizizi yake haizidi shubiri. Kuna shule ilikuja mwezi wa tatu, watoto wakapanda kwa moyo wote. Nilipopita Septemba nilikuta safu za vijiti vikavu. Iliniuma sana, maana walijituma kweli, na sisi wenyeji ndio tuliowapa kazi isiyowafaa.

Kisiki cha myombo au mgunga ni habari nyingine. Shina lilishakatwa kwa mkaa, lakini mizizi iko hai: imeshuka chini kufuata unyevu na ina akiba ya chakula. Kila mwaka hutoa machipukizi kumi, hata ishirini, yote yanagombea chakula kile kile, hakuna linalorefuka, na mbuzi wanamalizia. Tukipunguza machipukizi, mti unainuka. Dodoma njia hii tunaiita kisiki hai.

Mwaka jana binti wa kidato cha pili aliinua panga akakata kutoka juu. Gome likachanika hadi kwenye kisiki. "Mwanangu, hapo umewafungulia mlango wadudu," nikamwambia, nikamshika mkono tukate pamoja: panga linatoka chini kwenda juu, kwa mshazari, ili maji ya mvua yatiririke. Tukabakiza machipukizi matatu yaliyonyooka, tukayapogoa matawi ya chini hadi nusu ya urefu. Akachana kipande cha khanga kuukuu akafunga alama kwenye lile refu, mpita njia ajue lina mwenyewe.

Kwamba uoto wa ardhi hii unaweza kurudi wenyewe, Kondoa tumeliona kwa macho. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililokuwa limeliwa na makorongo. Wazee wa Kirangi hawajasahau uchungu wa kuhamisha ng'ombe wao, na wana haki ya kuusema. Lakini miti na nyasi zilirudi, sehemu kubwa bila mtu kupanda chochote.

Walimu mnaopanga safari, ombeni kibali mapema, kwani ndani ya hifadhi hata kupogoa bila ruhusa ni kosa. Njooni kiangazi, Agosti hivi, na muwaletee watoto viatu vya kufunika, miiba ni mingi. Zaidi ya yote, wapangieni kurudi, kwa sababu kisiki hutoa machipukizi mapya na yanahitaji kuondolewa tena.

Kile kipande cha khanga bado kipo. Mwezi uliopita nilikilegeza, chipukizi lilikuwa limenenepa na kilianza kulibana.